Kitufe cha Kijani

Somoe Nandala, karani wa chama chetu cha msingi,
alikuja na kompyuta ya ofisi kaifunga kitenge
kama mtoto mwenye homa.
Hakuiweka mezani. Kwanza alirudishia mlango wa stesheni yangu,
akachungulia barabara ya Kitangari,
akaninong'oneza: "Inatukana."

Niliiwasha.
Haikutukana, ilinadi.
Umeshinda simu. Umeshinda tena.
Ondoa kitambi kwa siku tatu.
Na mwanamke asiye na shati, akiniuliza kama niko mpweke,
saa mbili asubuhi, hapa Newala,
ukungu bado umelala kwenye ukingo wa bonde.
"Huyo huyo," Somoe akasema, "alitokea ukutani
siku ya mkutano mkuu, juu ya jedwali la bei,
mbele ya wanachama wote
na shehe aliyetufungulia kwa dua."

Nikaandika: bei ya salfa.
Ikanipeleka kwa mtabiri wa nyota.

"Nani kaviingiza?"
"Hakuna. Vimeingia vyenyewe, bila hodi."

Nikapanga programu kwa tarehe.
Agosti kumi na nne, saa nane na dakika sita mchana:
nne zimezaliwa pamoja,
na mama yao namjua, kigeuzi cha bure
cha kugeuza majina ya wakulima
yapokelewe wilayani.
Somoe akatazama kucha zake.
"Kiliuliza. Kulikuwa na kitufe cha kijani."
Mara ngapi?
"Kila kilipouliza, nilikubali."

Nikang'oa ya kwanza, ya pili, ya nne;
ya tatu iligoma, ikanihoji mara mbili kama nina hakika.
Nikabandua viendelezi kwenye kivinjari,
nikakata mkia wa anwani ulioshonwa nyuma ya ikoni,
nikafuta ruhusa za kila aliyejipa haki ya kubisha usiku.
Nikazima. Nikawasha.
Umeshinda simu.

Na umeme ukakatika.
Betri yake ilikufa mwaka juzi,
kwa hiyo tukakaa, yeye na mimi na kioo cheusi
kilichotuonyesha nyuso zetu.

Mama yangu hakuwahi kugusa kompyuta.
Mwezi wa sita, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa ua,
alikuja kijana wa kangomba na bakuli
lililogongwa kitako mpaka likatokeza nje,
akapima korosho ambazo hazijazaliwa.
Mama akasema ndiyo.
Ilikuwa ada yangu ya Veta, Mtwara mjini.
Kwa ndiyo ile nimejua haya yote,
na msimu ulipofika, gunia kwa gunia,
niliona ndiyo moja inavyobeba.

Sikumwambia Somoe. Nilimwambia tu
asijilaumu, maandishi yalikuwa madogo.

Umeme uliporudi nilishuka chini zaidi,
kwenye ratiba ya mashine, mahali ambapo hakuna anayepita.
Kati ya kazi za halali ilikaa moja yenye jina la heshima,
kama mjumbe wa kamati.
Kazi yake: kila mashine iamkapo,
kuwaita ndugu zake warudi.

Nikaifuta. Nikawasha.
Ukurasa mweupe.
Somoe akaegemeza sikio. "Mbona kimya?"
Akalipa elfu tano, na korosho za kukaanga
kwenye gazeti la zamani, zingine zimeungua.

Alhamisi akapiga simu.
"Kuna kidirisha kinauliza."
Kinasema nini?
Akasoma. Kiingereza, herufi kwa herufi,
akivuta pumzi kila mwisho wa mstari,
mpaka yale madogo ya chini, ya kijivu,
mpaka kile kisanduku ambacho mtu
alikwisha kukitia vema kabla yake.
"Nimekitoa hicho," akasema.
"Sasa, kile cha kijani ndicho kikubwa.
Cha kukataa sikioni."
Kitafute.

Nikasubiri. Nyuma yake mizani ya ghala ilikuwa ikigonga,
mtu akitaja kilo.
Halafu, kwa mbali, klik.